Neno la Mhariri: Mfanyakazi Asiwe wa Mwisho Kusikia

Hakuna aliyeajiriwa katika mgodi wa Tulawaka akidhani dhahabu ya Biharamulo haitakwisha. Hakuna dereva, nesi wala mlinzi aliyeingia kwenye mashirika ya wakimbizi Ngara mwaka 1994 akiamini kambi ya Benaco itamfikisha kwenye kustaafu. Watu wa wilaya hizi mbili wanazijua kazi zenye mwisho kuliko Watanzania wengi. Kwa hiyo wanaposema hawawaamini tena wakubwa wa kampuni, tusikimbilie kuwafundisha kwamba biashara ina kupanda na kushuka. Hilo wanalijua. Kinachowauma ni kwamba mwisho wa kazi yao ulijadiliwa, ukaandikwa na kutangazwa kwa watu wa mbali, kisha wao ndipo wakaitwa kwenye kikao.

Toleo hili tumelitoa kwa ajili ya kupunguzwa kazi. Ndani yake mna habari za mafao, mikataba, familia na vijiji vilivyozoea mshahara wa mgodi. Lakini kabla msomaji hajafika huko, tunataka tuweke wazi msimamo wetu. Imani ya mfanyakazi kwa uongozi huanza kuvunjika siku anapogundua kuwa yeye ndiye wa mwisho kuambiwa habari ya maisha yake mwenyewe. Barua ya kuachishwa huja baadaye, na mara nyingi humkuta mtu ambaye imani yake imekwisha zamani.

Tazameni mlolongo wa Tulawaka. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 2005, kwanza kwa shimo la wazi, kisha kwa kuchimba chini ya ardhi. Ulikuwa mdogo kuliko wenzake wa Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara. African Barrick Gold, kampuni iliyoingia kwenye Soko la Hisa la London mwaka 2010, ilimiliki asilimia 70, na MDN ya Kanada asilimia 30. Agosti 2012 ikatangazwa kwamba kampuni mama yake, Barrick, ilikuwa ikizungumza na China National Gold juu ya kuiuzia hisa zake katika African Barrick Gold. Januari 2013 mazungumzo yakavunjika. Mwaka huohuo bei ya dhahabu duniani ikashuka kwa zaidi ya robo, na Tulawaka ukaingia katika hatua za kufungwa. Mwaka haujaisha, mgodi ukauzwa kwa STAMICO, shirika la madini la Serikali lililoanzishwa mwaka 1972, ambalo liliunda kampuni ya STAMIGOLD kuuendesha.

Kwa muda wa kama mwaka mmoja na miezi mitatu, basi, mtu aliyekuwa akiingia zamu pale Tulawaka aliona milango minne ikifunguka na kufungwa mbele yake: kuwa chini ya Wachina, kubaki na mwajiri wake wa zamani, kukosa mwajiri kabisa, au kuanza upya chini ya Serikali. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa za kweli na nzito. Hatusemi mgodi unaopata hasara ulazimishwe kuchimba. Tunauliza habari ilipita njia gani hadi ikamfikia mfanyakazi.

Njia yenyewe inajulikana. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa haina hiari: habari yoyote inayoweza kutikisa bei ya hisa zake lazima itangazwe sokoni bila kuchelewa, na kumnong'oneza mtu mmoja kabla ya wengine ni kosa. Sheria hiyo ni nzuri. Inamlinda mwenye hisa asidhulumiwe na mwenzake aliyepata habari mapema. Lakini mwenye hisa London anaweza kuuza hisa zake asubuhi na mchana akawa amenunua nyingine. Mchimbaji aliyejenga nyumba kwa mkopo, aliyempeleka mtoto shule ya bweni, aliyemleta mke kutoka Tarime au Mbeya hadi Biharamulo, hana kitu cha kuuza asubuhi. Yeye aliyeweka mwili wake mgodini ndiye mwenye hasara kubwa zaidi iwapo habari itachelewa, na ndiye asiyekuwa na mtu wa kumhakikishia kwamba ataisikia kwa wakati.

Jambo hilohilo lilijitokeza jirani, Bulyanhulu. Baada ya Serikali kuzuia usafirishaji wa makinikia Machi 2017, kampuni ileile, wakati huo ikiitwa Acacia, ilitangaza Septemba 2017 kwamba itapunguza shughuli za mgodi huo. Wafanyakazi na watu wa wakandarasi wapatao 2,000 walitarajiwa kuguswa. Mgogoro ulikuwa wa Serikali na kampuni. Waliolipa kwa riziki zao ni watu ambao hawakukaa upande wowote wa meza ya mazungumzo.

Wapo watakaosema sheria zetu ni dhaifu. Kwenye jambo hili, tunadhani sheria iko mbele ya waajiri. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi mara tu anapoanza kuifikiria. Kinamtaka aweke wazi taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe wasio na chama, juu ya sababu za kupunguza, namna ya kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na malipo. Wasipokubaliana, jambo linakwenda kwenye usuluhishi. Aliyeandika kifungu hicho alitaka mfanyakazi aitwe wakati uamuzi ungali mbichi, naye awe na la kuchangia.

Kinachofanyika mahali pengi ni kinyume chake. Uamuzi unafikiwa makao makuu, orodha ya majina inaandaliwa, hesabu za malipo zinafungwa, halafu inaitishwa siku moja ya "mashauriano" ambapo watu wanasomewa yaliyokwisha kuamuliwa na kupewa karatasi ya mahudhurio waisaini. Kisheria saini ile inakuja kuwa ushahidi kwamba walishirikishwa. Moyoni mwa aliyesaini ni ushahidi wa jambo jingine kabisa.

Waajiri wanayo hoja yao, nasi tunaichukulia kwa uzito. Wanasema wakitangaza mapema, mafundi wazuri watakimbia, uzalishaji utashuka, vifaa vitaanza kupotea, na wakopeshaji wataingiwa na hofu. Hofu hizo si za kubuni. Lakini zinajengwa juu ya dhana kwamba mfanyakazi asipoambiwa hajui. Mtu wa stoo anajua kwamba oda za vipuri zimesimama. Dereva anaona mitambo ya mkandarasi ikipakiwa kwenye lobedi. Mpishi wa kambini anaambiwa apunguze idadi ya sahani. Mikataba iliyokuwa ya mwaka inaanza kuongezwa miezi mitatu mitatu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mafundi wazuri watakimbia hata hivyo, tena watakimbia kwa tetesi, na tetesi daima ni mbaya kuliko ukweli kwa sababu haina tarehe wala kiwango. Kama sheria ya soko inazuia habari kutolewa mapema, hakuna sheria inayozuia meneja mkuu kusimama mbele ya wafanyakazi wake, kwa Kiswahili, saa ileile tangazo linapotoka London au New York.

Ngara ina somo lake la zamani zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban siku moja. Mashirika ya misaada yakaja kwa wingi, yakaajiri walimu, wauguzi, madereva, wakalimani na watunza maghala, na mishahara yao ikawavuta watumishi wa Serikali kutoka shuleni na zahanati. Mapema Desemba 1996 Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi wakatangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 mwezi huohuo. Kazi zilizotegemewa na familia nyingi za Ngara zikayeyuka ndani ya wiki chache. Wafanyakazi waliobaki kazini wakahamia kwenye kambi za Warundi, hadi Lukole nayo ilipofungwa mwaka 2008. Wengi wa walioacha ajira ya Serikali hawakupata njia ya kuirudia.

Mwaka 2025 hali kama hiyo ilirudi kwa sura nyingine. Januari Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Machi ikatangaza kufuta sehemu kubwa ya miradi ya USAID. Watumishi wa miradi ya afya nchini, wakiwemo wanaowafuatilia wagonjwa wa VVU vijijini, wakajikuta bila kazi. Katika mkasa huu hata wakurugenzi wa hapa nchini hawakuwa na habari. Tunaona haya kuwalaumu kwa jambo lisilokuwa mikononi mwao. Lakini hapo ndipo kiongozi hupimwa. Aliyewaita watu wake akawaambia, "hili najua, hili sijui, Ijumaa nitarudi kwenu hata kama sina jipya," alibaki na heshima yake ofisi ilipofungwa. Aliyejifungia akasubiri barua kutoka juu aliipoteza heshima hiyo pamoja na mradi.

Lipo pia jambo ambalo waajiri wengi hawalihesabu: wanaobaki. Mfanyakazi aliyenusurika anatazama kwa makini jinsi mwenzake alivyotolewa: kama alipewa muda wa kukusanya vitu vyake au alisindikizwa na walinzi hadi getini, kama malipo yake yalitoka kwa wakati, kama waliomwondoa waliweza kumtazama usoni. Kutokana na hayo anaamua nafsi yake ataiweka wapi. Mgodini uamuzi huo unagusa uhai. Usalama chini ya ardhi unategemea mtu kusema mapema kwamba ameona ufa kwenye paa la njia, au breki za mtambo hazishiki vizuri. Mtu anayeamini kwamba kusema kutamwingiza kwenye orodha ijayo atanyamaza, na ukimya wake ni hatari kwa kila aliye naye zamu.

Tena tusisahau jinsi malipo ya kisheria yalivyo madogo. Sheria inaweka kiwango cha chini cha kiinua mgongo kuwa mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi, kwa miaka isiyozidi kumi. Aliyetumikia miaka kumi na mitano anaweza kuondoka na mshahara wa siku 70. Ndiyo maana mwaka 2012, sheria za hifadhi ya jamii ziliporekebishwa na fao la kujitoa likasitishwa, wafanyakazi wa migodini walikuwa mstari wa mbele kupinga. Waliambiwa wasubiri umri wa kustaafu, ilhali migodi waliyofanyia kazi haikuwa na umri huo. Kwa mtu wa namna hiyo, kujua miezi sita mapema kuna thamani zaidi kuliko mshahara wa siku 70: anaweza kutafuta kazi kwingine, kusimamisha ujenzi, kulipa mkopo, kulima msimu mmoja zaidi.

Tunayasema haya sasa kwa sababu Ngara iko mlangoni pa mgodi mkubwa kuliko yote iliyowahi kuiona. Nikeli ya Kabanga ilianza kutafitiwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa. Tangu hapo imepita mikononi mwa Sutton, Barrick, Xstrata na Glencore, na watafiti na vibarua wameajiriwa na kuachwa kila mwenye mali alipobadilika. Januari 2021 Serikali ilisaini makubaliano yaliyozaa Tembo Nickel, ambamo Taifa lina asilimia 16. Mbia mkubwa, Lifezone Metals, aliingia Soko la Hisa la New York mwaka 2023. Upembuzi yakinifu uliotangazwa Julai 2025 unaupa mgodi miaka 18 ya uzalishaji, na mwezi huohuo BHP, kampuni kubwa ya madini iliyokuwa imewekeza humo, iliuza sehemu yake na kutoka.

Miaka 18 ni muda wa mtoto kuzaliwa na kumaliza sekondari. Mwisho wake umeshaandikwa kwenye makaratasi ya wawekezaji, kwa hiyo hakuna sababu usiandikwe kwenye mkataba wa hali bora wa wafanyakazi. Tunavitaka vyama vya wafanyakazi vidai, kabla chepe la kwanza la uchimbaji halijaingia ardhini, vipengele vinne: tangazo lolote la sokoni linalogusa ajira lisomwe kwa wafanyakazi saa hiyohiyo, uhai wa mgodi uelezwe kwao kila mwaka kwa takwimu zilezile wanazopewa wawekezaji, kiinua mgongo kipite kiwango cha chini cha sheria, na wafanyakazi wa wakandarasi wahesabiwe ndani, kwa kuwa wao ndio huondolewa kwanza na kimya kimya. Serikali, ikiwa mbia Kabanga na mmiliki wa STAMIGOLD Biharamulo, haiwezi kusimama pembeni kama mwamuzi. Yenyewe ni mwajiri, na inapaswa kuwa ya kwanza kutimiza kifungu cha 38 kwa maneno yake na kwa nia yake.

Kwa wafanyakazi wenzetu tuna neno moja. Msisaini karatasi ambayo hamjaisoma mkaielewa, na mkiona mmeachishwa isivyo haki, kumbukeni kwamba mna siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Bukoba ni mbali na Ngara, lakini siku hizo hazimsubiri mtu. Uongozi unaotaka kuaminiwa siku ya kufunga mgodi uanze kusema ukweli siku ya kuajiri, nanyi mna haki ya kuudai ukweli huo tangu siku hiyo.