Kabla ya kukodi ekari, panda bitiruti kwenye ndoo

Kijana mwenzangu, hizo video umeziona. Mtu amesimama katikati ya shamba, mboga mkononi, anakwambia ekari moja tu itakutoa kwa umaskini. Unaanza kupiga hesabu kwenye simu. Kufika jioni unawaza kuvunja akiba yote, au ukope, ukodi shamba ambalo hata hujawahi kulikanyaga.

Pole pole, bana. Waulize wakubwa wako habari ya kware. Mwaka 2013 na 2014, Wakenya wengi walikimbilia ndege hao kwa sababu mayai yalikuwa na bei nzuri. Kila mtu alipofuga, bei ikaporomoka. Kosa halikuwa kufuga. Kosa lilikuwa kumwaga akiba kwenye hesabu za watu wengine.

Ushauri wetu ni huu: anza na ndoo. Chukua ile kuukuu ya rangi, ioshe vizuri, itoboe chini, ujaze udongo uliochanganywa na mbolea iliyooza sawasawa. Nunua pakiti ndogo ya mbegu za bitiruti kwenye duka la pembejeo. Ziloweke usiku mmoja, uzifukie sentimita mbili hivi, uweke ndoo penye jua. Udongo usikauke. Baada ya wiki moja au mbili utaona miche.

Hapo sasa ndipo penye somo. Mbegu moja ya bitiruti mara nyingi ni kishada cha mbegu kadhaa, kwa hivyo utapanda moja uone miche mitatu imebanana. Roho itakuuma kung'oa. Ng'oa tu, uache mmoja kila sentimita 10, la sivyo utavuna majani na vizizi vyembamba kama penseli. Uliyong'oa usitupe, kaanga. Ile spinachi pana unayouziwa na mama mboga ni ndugu wa damu wa bitiruti.

Baada ya miezi miwili hadi mitatu utavuna. Lakini utakuwa umevuna zaidi ya bitiruti. Utajua kama ulikumbuka kumwagilia maji wikendi ulipokuwa kwenye raha zako. Utajua ni miche mingapi ilikufa, na kama majirani wa ploti wangenunua au wangekusifu tu na kupita.

Nanyi mnaotengeneza video hizo, tuonyesheni pia mimea iliyonyauka na mzigo uliokosa mnunuzi. Vijana wanaweka pesa za karo na kodi ya nyumba kwenye maneno yenu.

Ndoo ikikushinda, umepoteza udongo na pakiti ya mbegu. Ekari ikikushinda, utalipa deni miaka. Ndoo ikikubali, ongeza ya pili, kisha ya tano. Shamba halikimbii.