Ukiota bahari ukiwa Eldoret, anza na boti ya ziwani

Februari mwaka huu dereva wa trela la Malaba aliingia kibandani mwangu kuchukua turubai lake, akanikuta nimepiga magoti juu ya kitambaa kilichoenea sakafu nzima. Alikizunguka mara mbili, akavua kofia. "Fundi, hili ni la lori gani lenye pembe tatu?" Nikamwambia si la lori, ni tanga la boti. Alinitazama kama mtu anayewaza kudai arubuni yake mapema.

Nashona maturubai mjini Eldoret mwaka wa 22 sasa. Mji wetu uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapa hadi Mombasa ni karibu kilomita 800 za lami. Watu wa huku wamejulikana duniani kwa miguu. Tanga halimo katika sifa zetu. Hata hivyo, tangu ienee kwamba nina boti, vijana hunijia na simu zao nitazame picha. Wameona video za watu wanaozunguka dunia kwa upepo, na wao wanataka. Boti wanayonionyesha ni ileile kila mara: ya faiba, mita 10 au 12, ina vitanda, jiko na choo, nayo imetia nanga Kilifi, Mtwapa au Tanga. "Mzee, hii itanifikisha Ushelisheli?"

Boti huenda ikafika. Wewe ndiye hutafika. Nasema hivyo kwa sababu niliinunua boti hiyo.

Ilikuwa 2014. Niliuza nusu ekari niliyokuwa nayo nje ya mji, nikaongeza akiba, nikanunua boti ya mita 10 katika hori moja ya pwani. Mwenyewe alikuwa mgeni aliyechoka, anataka kurudi kwao. Injini ilikohoa, ikawaka. Nikafungua bomba la jikoni, maji yakatoka. Nikakalia mito, nikaona ni laini. Nikatoa pesa.

Huku Uasin Gishu hakuna anayenunua gunia la mahindi bila kuing'ata punje. Ikipasuka kwa mlio, mahindi ni makavu. Ikibonyea, unarudi nyumbani na pesa zako. Mimi niliyekulia kwenye mahindi sikuing'ata boti. Miezi mitatu baadaye fundi wa faiba alipanda juu yake na bisibisi, akaigeuza, akawa anagonga kwa mpini huku anatembea taratibu: ko, ko, ko. Alipokaribia mguu wa mlingoti, mlio ukabadilika: bu, bu. Pima mbili za sakafu ya juu zilikuwa zimenyonya maji, tabaka zimeachana ndani kwa ndani, na juu yake rangi nyeupe inang'aa. Bisibisi ya shilingi mia moja ingeniambia yote siku ya kwanza.

Lakini uozo haukuiua boti ile. Uozo una dawa. Umbali ndio ulioiua. Katika miaka mitatu nilikwenda mara 11. Nimeandika kila safari kwenye daftari la wateja, kwa hiyo sikisii. Basi la usiku hadi Nairobi, basi la pili hadi Mombasa, matatu, kisha kumtafuta mwenye mtumbwi wa kunivusha. Nafika Jumamosi mchana, macho mekundu. Betri imekufa. Chini ya boti chaza wamejenga mtaa. Nakwangua mpaka giza liingie, na Jumapili adhuhuri sina budi kuondoka, maana Jumatatu mwenye lori anataka turubai lake. Kati ya safari hizo 11, tanga lilipanda mara nne. Nje ya mwamba sikuwahi kutoka hata siku moja. Mwishowe niliiuza kwa mtu aliyetaka risasi iliyo kwenye mkuku, aiyeyushe.

Sasa sikiliza ya pili.

Kutoka Eldoret, ukishika njia ya Kapsabet na Chavakali, Kisumu ni kilomita 120 hivi. Unateremka karibu mita 1,000 na kulikuta Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari. Nikitoka Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu niko ufuoni Dunga nakunywa chai. Huko ndiko nilikopata, mwaka 2018, boti ya mbao ya mita tano, mlingoti wa mti usiochongwa vizuri, tanga la magunia ya nailoni yaliyoungwa. Ilikuwa ya mzee mvuvi aliyekuwa amehamia kwenye injini.

Nilimwuliza bei. "Omera," akasema, "bei baadaye. Kwanza tujue inakunywa kiasi gani." Tukaikausha kwa sifongo, tukaitia nanga palipo na kina cha kifua, tukakaa ndani saa nzima akinieleza habari za wajukuu. Kisha akanipa kopo la lita mbili. "Fua maji, hesabu kwa sauti." Yalitoka makopo sita. Lita 12 kwa saa. Nikasema, jaduong', boti yako inavuja. Akacheka hadi akashika ubavu. Alisema anayekuuzia boti kuukuu ya mbao na kuapa kwamba haivuji hata tone, mwachie boti yake. Ya kwangu nilikuwa naijua kwa lita, na kuanzia siku ile ningeweza kujua ikizidi.

Wiki ya pili nikaamua kuonyesha ufundi wangu. Nikalitupa lile tanga la magunia, nikashona jipya, zuri, mishono minyoofu, pindo mara mbili, vishimo vya shaba kila shubiri. Boti ikaenda upande kama kaa. Sikuelewa kosa langu hadi nilipokwenda Lamu mwaka huohuo, nikamwonyesha picha mshonaji matanga mmoja mzee. Alivuta miwani. "Mwanangu, umeushonea upepo kifuniko."

Ni kweli tupu. Turubai la lori hushonwa likazwe kama ngozi ya ngoma, upepo usipate pa kushika. Tanga linataka tumbo. Alinionyesha kwa kanga mbili: kila upande unapoungwa, mshono unakatwa kidogo kuelekea mwishoni, vidole viwili tu, ukijipinda kwa upole. Kitambaa kinachosalia katikati kinakosa pa kwenda, kinatokeza, na hilo ndilo tumbo. Miaka mingi nilikuwa nikijiita fundi wa kitambaa, na nilikuwa najua nusu tu ya kazi. Boti kubwa isingenifundisha hili, kwa sababu tanga lake lilikuja limeshonwa Ulaya na nilikuwa naogopa kuligusa.

Ziwani nimejifunza kwa kukosea bila kulipa sana. Asubuhi upepo wa nchi kavu hukusukuma nje. Karibu na adhuhuri unazimika, unakaa umeloa jasho. Alasiri upepo wa ziwa unaamka na kukurudisha, na ukiona wingu jeusi limeweka mkia majini, unashusha tanga bila kubishana na mtu, kwani ziwa lile limemeza wengi. Siku moja gugu maji lilifunga ghuba mimi na mwenzangu tukiwa nje, tukalala kwenye boti na mbu. Mara mbili tumepinduka karibu na ufuo. Boti ya mita tano watu wawili wanaigeuza, wanafua maji, wanaendelea wakitetemeka. Jaribu hilo na tani sita.

Hesabu ya daftari: hadi mwisho wa mwaka jana, Jumapili 150 na ushei tanga limepanda. Kule pwani, mara nne.

Mtu atasema nawafundisha vijana kuota ndoto ndogo. Hapana. Machi 2021 nilikwenda Kisumu kuitazama Flipflopi, lile dau lililoundwa Lamu na Ali Skanda na wenzake kwa tani 10 hivi za taka za plastiki, likavikwa malapa 30,000. Ina mita tisa tu. Mapema 2019, kwa upepo wa kaskazi, ilitoka Lamu ikafika Zanzibar, kama kilomita 500, na mwaka huo wa 2021 ikaja kutembea Ziwa Victoria. Na Mwingereza Robin Knox-Johnston, aliyekuwa wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila kusimama, alitumia siku 312 na kumaliza tarehe 22 Aprili 1969 katika boti ya msaji ya mita 9.8 iliyoundwa Bombay. Aliiita Suhaili, jina ambalo mabaharia wetu hawahitaji kutafsiriwa. Alikuwa ametaka boti kubwa zaidi, ya chuma, akakosa wa kumpa pesa. Safari ile ilikuwa ya mashindano, na walioanza walikuwa tisa. Aliyemaliza ni yeye. Na kumbuka kwamba alikuwa baharia wa meli za biashara kabla ya hapo, si mshona maturubai.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba ziwa si bahari, nami naikubali. Ziwani hutajua maji kujaa na kupwa, wala bamvua, wala kuutafuta mlango wa mwamba jua likiwa usoni. Hutajua kusi la Juni. Hayo yafuate Lamu, ukiwa tayari unajua kupiga bisho, umwombe nahodha akuchukue wiki mbili kama baharia wa kufua maji, usiende kama mtalii. Ila usianze kwa kununua jahazi. Foromali yake inataka mikono ya watu kila tanga linapohamishwa upande, na wewe una marafiki wawili. Ngalawa ni nyepesi na ina kasi, lakini ikishapinduka na matengo yake, kuigeuza si kazi ya mwanagenzi.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kutazama picha, chukua ramani. Tafuta maji unayoweza kuyafikia asubuhi na kurudi jioni, kisha nunua boti kuukuu ambayo bado inatumika hapohapo, ndogo kiasi kwamba wewe na mwenzako mnaweza kuivuta mchangani. Uliza sheria za Mamlaka ya Masuala ya Baharini. Nunua jaketi za kuokolea kabla ya kununua rangi. Usilipe chochote kabla ya kukaa majini saa nzima na kopo.

Ushelisheli mimi sijafika. Januari ijayo, kaskazi likisimama, nimepata nafasi ya kufua maji kwenye mashua inayoshuka kutoka Lamu hadi Mombasa. Hadi wakati huo niko Dunga kila Jumapili. Boti inabeba watu watatu, na sisi tuko wawili.