Memori kadi feki: Kadi haijaharibika, lakini picha za harusi hazipo

Jumapili asubuhi mpiga picha anachomeka memori kadi kwenye kompyuta. Mafaili yote yapo, majina yamepangika, idadi imetimia. Anabofya la kwanza, linafunguka. La mia tano, linafunguka. Mbele kidogo, kijivu tupu. Keki, kulishana, wazazi wakipokea zawadi: vyote havipo, na bi harusi ameshaanza kuulizia picha.

Wengi husema kadi imepata virusi, au kamera mbovu. Lakini kwa hali kama hii, cha kushuku kwanza ni kingine: kadi imefanya kazi vilevile ilivyotengenezwa. Ilitengenezwa kudanganya.

Inadanganyaje?

Ndani ya kila memori kadi kuna chipu inayotunza data na kidhibiti, yaani kompyuta ndogo sana inayoiendesha chipu hiyo. Ukubwa unaousoma kwenye kamera hautokani na kuipima chipu. Kamera inauliza, kidhibiti kinajibu. Mtu akibadilisha programu ya kidhibiti, kadi ya GB 16 itajitambulisha kama ya GB 256 na kamera itakubali. Simu nayo itakubali. Ukiifomati, bado itasema 256.

Shida inaanza hizo GB 16 za kweli zikijaa. Kadi haisemi imejaa. Inaendelea kupokea picha huku ikizitupa, au inaandika mpya juu ya zile za asubuhi. Orodha ya majina ya mafaili kwa kawaida hukaa sehemu za mwanzo za kadi, penye nafasi halisi, ndiyo maana majina yote unayaona hata kama picha zenyewe hazipo.

Piga hesabu. Kamera ya megapikseli 24 ikipiga RAW hutoa faili la karibu MB 25. GB 16 ni kama picha 600 tu. Kwa shughuli inayoanza saluni asubuhi na kuishia ukumbini usiku wa manane, 600 zinaweza kuisha kabla maharusi hawajaingia ukumbini. Aliyejaribu kadi dukani kwa picha kumi hajajaribu kitu.

Na hapa fundi hasaidii. Picha iliyofutwa kwa bahati mbaya mara nyingi hurudi, maana data yake bado ipo. Programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuitafuta, mradi uache kupiga mara moja. Ila picha ambayo haikuandikwa popote hairudishwi na mtu yeyote, hata ukimlipa kiasi gani.

Jambo hili si geni. Mwaka 2010 mhandisi wa Marekani Andrew Huang, anayejulikana kama "bunnie", alichapisha uchunguzi wake baada ya kukutana na kadi za microSD zenye matatizo kwenye uzalishaji wa kifaa alichokuwa anakitengeneza. Alinunua nyingine sokoni China, akazifungua na kulinganisha chipu za ndani. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2013, yeye na mwenzake walionyesha kwenye mkutano mjini Hamburg, Ujerumani, kwamba vidhibiti vya baadhi ya kadi za SD vinaweza kuwekewa programu mpya.

Huang alieleza pia jambo ambalo wauzaji hawalitangazi: chipu zenyewe zina kasoro nyingi tangu kiwandani, na kazi kubwa ya kidhibiti ni kuzificha kasoro hizo ili mtumiaji aone kifaa kizima. Hiyo ni kwa kadi orijino.

Kwa hiyo orijino nayo si kinga kamili. Mwaka 2019 Sony ilitangaza kuwa baadhi ya kadi zake za SD, zikiwemo za mfululizo wa TOUGH, zinaweza kuharibu data wakati wa kurekodi video, ikaahidi kuzibadilisha bure. Mwaka mmoja kabla, wapiga picha walilalamika sana Canon EOS R na Nikon Z6 na Z7 zilipotoka na tundu moja tu la kadi. Nikon ilirudi 2020 na Z6 II na Z7 II zenye matundu mawili, ili kila picha iweze kuandikwa mara mbili kwa wakati mmoja.

Kwa nini sasa?

Bei. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani, kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazinunua kwa kasi. Desemba hiyo Micron ilitangaza kuifunga Crucial, chapa yake ya rejareja, ili ihudumie wateja wakubwa. Kadi ya kweli ikipanda bei, ile ya "GB 512 bei chee" inazidi kuvutia, hasa kwa kijana anayeanza kazi na kamera ya kuazima.

Sheria zipo. Tanzania bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani, FCC. Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Ila kadi ni ndogo sana na pakiti inaigwa vizuri. Muuzaji wa Kariakoo au Luthuli Avenue anaweza kuwa naye kapigwa kwenye mzigo. Na alama za C10 au V30 zinahusu kasi ya kuandika tu, MB 10 na MB 30 kwa sekunde. Kuzichapa kwenye plastiki hakuhitaji ruhusa ya chipu.

Kipimo cha maana ni kuijaza kadi yote, kisha kuisoma yote. Kwenye Windows ipo H2testw, kwenye Linux na Mac ipo F3, zote bure. Mwenye simu tu anaweza kunakili video kubwa kwenye kadi mara nyingi mpaka ijae, aichomoe, airudishe, kisha afungue nakala zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Kadi ya GB 256 inayoandika MB 20 kwa sekunde inahitaji zaidi ya saa tatu na nusu kujaa, bado muda wa kuisoma, hivyo wengi huiacha usiku. Isiwe usiku wa Ijumaa kama harusi ni Jumamosi.