Sindano ya steroidi mgongoni: Inatibu au inatuliza tu?

Mzee anatembea kidogo tu, miguu inauma na kufa ganzi, inabidi asimame. Akikaa au akiinama mbele, anapata nafuu. Akianza tena safari, maumivu yanarudi.

Wengi husema ni uzee. Lakini mara nyingi dalili hizi hutokana na mfereji wa uti wa mgongo kuwa finyu sehemu ya kiuno. Mifupa na nyama za ndani hunenepa kadiri umri unavyosonga, halafu zinabana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni.

Moja ya tiba zinazotolewa sana ni sindano ya steroidi inayochomwa karibu na mishipa hiyo, mara nyingi ikichanganywa na dawa ya ganzi. Lengo ni kupunguza uvimbe. Swali ni je, inafanya kazi?

Utafiti ulioleta mjadala

Mwaka 2014, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa wagonjwa 400 wenye tatizo hili. Nusu walichomwa steroidi pamoja na ganzi, wengine ganzi peke yake.

Baada ya wiki 6, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu. Kumbe tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno, haikuwa na maana. Yaani kuongeza steroidi hakukusaidia kitu cha kuonekana.

Ukifikiria, si ajabu. Steroidi inaweza kutuliza uvimbe, lakini haipanui mfereji uliokuwa finyu.

Wataalamu wamegawanyika

Uingereza iliamua mapema. Tangu 2016, mwongozo wa taasisi ya NICE unawaambia madaktari wasitumie sindano hii kwa maumivu ya miguu yanayotokana na mfereji kuwa finyu katikati.

Februari 2025 mjadala ukawaka tena. Chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani, AAN, kilisema sindano inaweza kumsaidia mgonjwa wa aina hii kufanya shughuli zake vizuri zaidi kwa miezi kadhaa, ila hakikuona ushahidi kwamba inapunguza maumivu yenyewe kwa muda mfupi.

Mwezi huohuo, jopo la jarida la BMJ lilipinga vikali matumizi ya sindano hizi kwa maumivu sugu ya mgongo kwa ujumla.

Hatari ipo, ingawa ni nadra

Aprili 2014, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa sindano hizi, mara chache, zinaweza kusababisha kiharusi, upofu, kupooza au kifo. Pia steroidi hupandisha sukari, jambo la kuangalia sana kwa mwenye kisukari.

Usafi wa dawa nao ni suala. Mwaka 2012, dawa iliyochafuliwa na fangasi kutoka kampuni moja ya Massachusetts iliua zaidi ya watu 60 nchini Marekani.

Mgonjwa afanye nini?

Hakuna anayesema mgonjwa avumilie tu. Zipo njia nyingine: mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, dawa za maumivu, na kwa waliobanwa sana, upasuaji.

Kabla ya kukubali sindano, muulize daktari: Nafuu itadumu muda gani? Itanisaidia kutembea au kupunguza maumivu? Isipofanya kazi, kinachofuata ni nini? Kama jibu ni "tutachoma nyingine", una haki ya kuuliza kwa nini.

Na hili lisisubiri miadi: miguu kuishiwa nguvu ghafla, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au ganzi sehemu za siri. Hapo ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.