Msiilaumu Linux, Laumuni Risiti

Kuna hukumu inayotolewa haraka sana hapa Kisumu, kuanzia maduka ya kompyuta ya mjini hadi saiba za Nyalenda na Dunga: "Linux inasumbua." Kijana amejiundia kompyuta, ameweka Ubuntu, waifai haionekani. Siku ya pili amerudi kwenye Windows asiyoilipia, akitangaza kwamba mfumo ule ni wa maprofesa. Hukumu hiyo ni ya uonevu. Mara nyingi mkosaji ni aliyenunua vipuri bila kuuliza, akishirikiana na aliyemuuzia bila kumwambia.

Chukua kidude cha waifai cha TP-Link kiitwacho TL-WN722N. Toleo la kwanza lilibeba chipu ya Atheros AR9271, ambayo kerneli ya Linux inaijua tangu zamani. Toleo la pili likaja na jina lile lile na umbo lile lile, lakini tumboni mna Realtek RTL8188EUS, chipu iliyowatoa watu jasho miaka mingi. Kwa nje kinachoyatofautisha ni alama ndogo kwenye lebo: V1 au V2. Anayenunua kwa jina la boksi anacheza kamari. Tena akishindwa anakwama vibaya, kwa sababu draiva anayoihitaji iko intaneti, na kidude kilichogoma ndicho kingempeleka huko. Wengi hukata tamaa hapo, ilhali waya wa kuchajia simu ungewavusha: chomeka simu ya Android, ruhusu igawe intaneti kupitia waya, kompyuta itumie bando hadi draiva ishuke.

Suala hili haliwahusu wapenda mashine peke yao. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inadai TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mashine za ex-UK kama Dell OptiPlex 9020, yenye prosesa ya kizazi cha nne, zimefungiwa mlango. Linux inaziendesha bila taabu, na mwenye saiba ambaye wateja wake wanataka eCitizen na kuchapisha barua hana sababu ya kuzitupa.

Lakini hata mashine hiyo ina masharti yake. Mazabodi nyingi hupokea umeme kwa plagi ya pini 24. 9020 inatumia plagi ya Dell yenye pini 8, na pawa saplai ya ile ya mnara ni ya wati 290. Kijana anainunulia Radeon RX 580 iliyotumika, kadi iliyokadiriwa wati 185, anaichomeka kwa adapta ya kuokoteza, na mashine inazimika katikati ya mchezo. Kesi inaandikwa jina la Linux! Ingekuwa na Windows ingezimika vilevile.

Kinachochekesha ni kwamba kwa upande wa programu kadi hiyo ni chaguo zuri, kwa kuwa draiva yake, amdgpu, imo ndani ya kerneli yenyewe. Nvidia ilifuata njia nyingine. Mwaka 2012, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, aliionyesha kampuni hiyo kidole cha matusi mbele ya kamera kwa jinsi ilivyokuwa ngumu kushirikiana nayo. Mwaka 2022 ilianza kufungua sehemu ya draiva yake. Kadi zake zinafanya kazi, ila mara nyingi utalazimika kuongeza draiva ya kampuni. Mvuvi wa Dunga hanunui nyavu kwa sababu ni mpya; anatazama macho yake, maana ya omena si ya mbuta. Kwa nini mnunuzi wa kadi aridhike na kuambiwa "hii ni kali"?

Nitajibiwa: mbona Windows haina maswali haya? Inayo, ila wengine wameshayajibu kabla yako. Mtengenezaji ameiandikia draiva, na fundi amezipakia kabla mashine haijafika mezani pako. Anayejiundia kompyuta amechukua kazi ya fundi. Maswali ya fundi nayo ni yake. Sikatai kwamba wako watengenezaji wanaoficha siri za chipu zao, na hao walaumiwe kwa majina. Dawa yao ni kuwanyima pesa, na huwezi kuwanyima kama hujui unachonunua.

Kwa hiyo nenda dukani na flashi yenye Ubuntu au Linux Mint. Washa mashine kwa flashi hiyo, bila kugusa diski ya mwenye duka. Andika lspci, kisha lsusb, usome majina ya chipu. Jaribu waifai, sauti na printa, ilaze mashine uone kama itaamka. Kipuri kilichofungwa kwenye boksi, ulizia chipu na namba ya toleo kabla ya kutoa pochi. Muuzaji akikukatalia, duka la jirani liko wazi. Risiti nyingi hapa kwetu zina muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na hilo peke yake lingetosha kutufundisha kujaribu kwanza, kulipa baadaye.