Usijaze jaketi hewa ukiwa ndani ya ndege

Zamani wengi wetu hapa Riruta na Kawangware tuliziona ndege zikipita juu ya mabati tu. Siku hizi kijana anakwenda Ghuba kutafuta kazi, na mama anakwenda ng'ambo kumwona mwanawe. Msafiri hufungiwa mizigo, huombewa na kuagwa. Je, nani humweleza la kufanya ndege ikilazimika kutua majini?

Tukumbuke Novemba 23, 1996. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa nyara na watu watatu waliotaka ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayangetosha, wakakataa kusikia. Mafuta yalipokwisha, ndege iliangukia baharini karibu na ufuo wa Ngazija, Visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 walifariki 125, akiwemo mpiga picha wetu mashuhuri, Mohamed Amin.

La kuhuzunisha ni kwamba baadhi yao hawakuuawa na kishindo. Walikuwa wamejaza jaketi za kuokoa maisha hewa wangali ndani. Maji yalipoingia, jaketi ziliwainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango.

Basi shika haya. Jaketi huwekwa chini ya kiti au karibu nacho. Livae na ulifunge, lakini kamba ya kulijaza hewa usiivute mpaka ufike mlangoni ukitoka. Mzazi avae lake kwanza, kisha amvishe mtoto. Hesabu safu za viti kutoka ulipo hadi mlango wa dharura, kwani gizani utapapasa. Mkanda wa ndege haufunguliwi kwa kubonyeza kama ule wa matatu. Huinuliwa kile kibamba cha juu. Mizigo iache.

Wala si baharini tu. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 kati ya 43 walifariki, na wavuvi ndio waliowafikia abiria kwanza. Lakini mwaka 2009 ndege ilitua katika mto Hudson, New York, na wote 155 wakaokoka.

Kwa hivyo mhudumu akisimama kuonyesha jaketi, weka simu kando umsikilize. Ni dakika chache tu, na tahadhari huja kabla ya hatari.