Neno la Mhariri: Nitajie Shujaa Wako

Simama kwenye steji yoyote ya bodaboda mjini Kitale au Bungoma, uvitazame vile vipande vya raba vinavyoning'inia nyuma ya pikipiki kuzuia tope. Utamwona mchezaji wa klabu ya Uingereza, utamwona mhubiri, utamwona mwanasiasa aliyekwisha kufa. Kijana aliyeibandika picha hiyo hakulazimishwa na mtu. Alitoa pesa aliyoichuma juani na mvuani, akamlipa fundi. Kuhusu mchezaji, picha hiyo haina jipya la kutuambia. Kuhusu kijana inasema mengi: anatamani kupaa, au kusikilizwa, au kutajwa tu kwa heshima pale anapopita.

Toleo hili limezaliwa na wazo hilo. Tuliwaomba wachangiaji wetu, wengi wao wa Trans Nzoia na Bungoma, kila mmoja aandike kuhusu mtu anayemwona kuwa shujaa wake. Tulitarajia sifa, na sifa zimekuja kwa magunia. Ila tulipozisoma makala hizo kwa pamoja tuligundua kwamba ni nadra mtu kumchukua shujaa mzima. Hukata kipande anachokitaka, kilichobaki akakiacha. Alichokichukua kinatuonyesha anataka kuwa nani. Alichokiacha kinatuonyesha ni gharama ipi asiyotaka kuilipa.

Mchukue Elijah Masinde wa Kimilili. Mpenzi wa kandanda atakukumbusha kuwa alichezea Kenya katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Mwanahistoria atakueleza jinsi alivyoanzisha Dini ya Msambwa na kuwataka wazungu wafunge virago, wakoloni wakampeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi wakaua watu 11, naye akakamatwa mwezi huohuo na kupelekwa uhamishoni Lamu, mbali na Mlima Elgon na watu wake. Mwanasiasa naye humwita nabii, hasa kura zikikaribia. Masinde asiyetajwa sana ni yule wa baada ya 1963, aliyeendelea kubishana na serikali ya Waafrika wenzake, ikamfunga, na dini yake ikapigwa marufuku tena mwaka 1968. Aliyempinga mkoloni ni rahisi kumpenda kwa sababu mkoloni ameshaondoka. Aliyeipinga serikali yetu wenyewe anatugusa penye kidonda, maana serikali hiyo ndiyo yenye kazi tunazozilinda na zabuni tunazozisubiri.

Masinde Muliro tumemfanyia vivyo hivyo. Bungoma ilipoandaa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2024, taifa lilikusanyika Kanduyi katika uwanja wenye jina lake. Chuo kikuu kilichoko Kakamega pia kinaitwa kwa jina lake. Lakini tendo lililompa Muliro kimo chake lilikuwa kura moja tu. Mwaka 1975 kamati ya Bunge iliyochunguza mauaji ya mbunge J.M. Kariuki ilileta ripoti ambayo wakubwa serikalini hawakuitaka. Muliro alikuwa waziri. Alijua kwamba waziri anayekwenda kinyume na baraza anaaga gari la bendera, na bado akaiunga mkono ripoti ile. Alifutwa kazi, pamoja na mawaziri wasaidizi Peter Kibisu na John Keen. Alikufa Agosti 1992, alipotua Nairobi kutoka London, miezi michache kabla ya uchaguzi wa vyama vingi alioupigania. Tumeuita uwanja kwa jina lake. Watoto wetu, hata hivyo, tunawausia waige wale walionyamaza siku ile wakabaki na magari yao.

Na kamati ile iliongozwa na nani? Na Elijah Mwangale, mwana wa Bungoma vilevile. Mwaka ule alisimama penye hatari. Miaka iliyofuata akawa waziri na mtetezi mkubwa wa serikali ya Rais Moi, na mwaka 1992 wapiga kura wa Kimilili wakamnyima kiti. Sisi tunaoishi katika mashamba ya Trans Nzoia tunajua thamani ya hatimiliki, lakini ushujaa hautolewi kwa hatimiliki. Aliyekuwa nao jana anaweza kuupoteza leo. Kwa hiyo mwandishi anayemsifu mtu kwa tendo moja la mwaka mmoja hajakosea, mradi aseme ni tendo gani na ni mwaka gani.

Kisha yupo Ben Jipcho wa Mlima Elgon, ambaye kwa maoni yangu ndiye kipimo kigumu kuliko vyote. Tarehe 20 Oktoba 1968, fainali ya mita 1500 ya Olimpiki jijini Mexico City, Jipcho alichomoka tangu mlio wa bastola na kukata mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, katika jiji lililo juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Mwendo ule haukuwa wa kumletea yeye medali. Ulikusudiwa kumkata pumzi Jim Ryun wa Marekani, aliyeogopwa kwa kasi yake ya mwishoni, ili Mkenya mwenzake Kipchoge Keino apate mwanya. Keino alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9, Ryun akawa wa pili, Jipcho akamaliza wa kumi. Zamu yake ilikuja baadaye. Alipata fedha ya kuruka viunzi na maji mjini Munich mwaka 1972, tena nyuma ya Keino, akavunja rekodi ya dunia ya mbio hizo mwaka 1973, akanyakua dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch mwaka 1974. Siku hizi tarehe 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa. Tarehe hiyo iliwekwa kwa sababu nyingine kabisa, lakini nadhani ingetufaa kumkumbuka siku hiyo huyo aliyemaliza wa kumi.

Kila mtoto anayekimbia alfajiri katika barabara za vumbi za Endebess anataka kuwa Keino, na hilo si kosa. Lakini muulize mtu mzima nani alimfikisha alipo, naye atakutajia akina Jipcho: dada aliyeacha shule ili karo ipatikane kwa wadogo zake, au mjomba aliyeuza ng'ombe bila kuitisha mkutano. Tunatamani kuwa aliyebebwa, na yule aliyebeba tunampa ahsante tu.

Jambo hilo limejitokeza pia katika makala zetu. Wachangiaji wengi waliwataja wanaume wenye majina katika aya za mwanzo, mama zao wakawaweka katika aya ya mwisho kama shukrani. Tuliwaomba baadhi yao wazipindue makala, wamwanze mama, nazo zikapata uhai. Walikuwa na mfano karibu. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kulelewa Trans Nzoia, akatutoka Aprili 2020, ndiye shujaa wa wengi wetu tulioshika kalamu. Kabla ya riwaya yake Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, mwanafunzi wa huku kwetu alizoea riwaya ya Kiswahili kumpeleka Pwani. Safari hii Pwani ilimjia yeye, pale Kongowea Mswahili alipofunga safari kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Wanafunzi walikariri misemo ya kitabu hicho wakaimwaga katika insha zao, wakidhani ndiyo siri ya Walibora. Wachache waliiga subira yake ya kukaa na sentensi moja mpaka inyooke. Na Walibora mwenyewe, alipofika kusimulia maisha yake, kitabu alikiita Nasikia Sauti ya Mama.

Yapo maoni kwamba mashujaa wanalemaza, kwamba kijana anayemtazama mtu mkubwa anasahau kujitazama. Ipo pia hofu kwamba kila shujaa ana doa lake. Hofu hiyo ina msingi. Jipcho mwenyewe baadaye alimwomba Ryun radhi kwa mbio zile za Mexico. Lakini dawa ya hofu hiyo haiko katika kuwafuta mashujaa. Wabukusu wa huku kwetu wana desturi inayotuonyesha njia nyingine, ile ya kumuse: akishazikwa mzee mwenye heshima zake, msemaji aliyejaliwa kipaji hupita katikati ya waombolezaji akisimulia ukoo, safari za mababu na matendo ya waliotangulia, kisha huwageukia walio hai akawaambia waziwazi walipopotoka. Sifa za waliokufa zinakuwa deni la wanaosikiliza. Ndivyo tungependa makala za toleo hili zisomwe.

Tuna ombi pia kwa walimu. Insha ya "Shujaa Wangu" imefundishwa miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wanajua kuijaza methali na tamathali. Muhula ujao waongezeeni maswali mawili. Shujaa wako alipoteza nini kwa tendo unalomsifia? Na wewe, kabla ya shule kufungwa, uko tayari kupoteza nini kwa ajili ya jambo kama hilo? Atakayejibu la pili kwa ukweli, hata kwa sentensi tatu zenye makosa ya tahajia, apewe alama zote, na insha yake itumwe kwetu. Tutaichapisha.